Mkono Mmoja Haulei Mwana: Mzazi, Serikali na Michezo ya Mtandaoni

Tarehe 20 Novemba 2011, serikali ya Korea Kusini iliwafungia watoto wake mlango usioonekana kwa macho. Kuanzia usiku huo, mtoto ambaye hajatimiza umri wa miaka 16 hakuruhusiwa kucheza mchezo wa mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kampuni za michezo ziliamriwa kumtoa mchezoni saa hiyo ikifika, na kampuni iliyokaidi ilikabiliwa na adhabu. Baada ya miaka kumi, serikali hiyo hiyo iliifuta sheria hiyo na kulirudisha swali mahali lilipotoka, yaani nyumbani.

Wanafunzi wapenzi, katika somo letu la leo la uraia tutaifuata safari hiyo. Swali lenyewe linaonekana dogo: je, mzazi amruhusu mwanawe kucheza mtandaoni pamoja na watu asiowajua? Hata hivyo, ndani yake mna swali kongwe la uraia: nani mwenye mamlaka juu ya malezi ya mtoto? Ni mzazi, ni dola, au ni mfanyabiashara auzaye mchezo? Historia ya miaka arobaini na ushei inaonyesha kwamba kila mmoja wa hao watatu, alipoachiwa jambo hili peke yake, alishindwa kwa namna yake.

Mchezo usio na uwanja

Michezo ya kompyuta ilipoingia majumbani, mtoto alicheza dhidi ya mashine, au na ndugu yake aliyeketi kando yake. Mizizi ya michezo ya wachezaji wengi ilikuwa kwingine. Mwaka 1978, Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kuandika programu aliyoiita MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa maneno matupu juu ya kioo cha kompyuta. Jambo jipya ni kwamba watu kadhaa waliweza kuwa ndani yake kwa wakati mmoja, wakakutana, wakazungumza, wakasaidiana na hata kupigana. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia nyakati za usiku, kompyuta ya chuo ilipokuwa haina kazi. Hivyo basi, tangu utotoni mwake, mchezo wa aina hii ulibeba mambo mawili ambayo baadaye yangewakosesha wazazi usingizi: wenzi wasiojulikana na saa za usiku.

Katika miaka ya 1990 intaneti ilienea, na michezo hiyo ikawa biashara kubwa. Ultima Online ilitoka mwaka 1997, Lineage ya Korea ikafuata mwaka 1998, na World of Warcraft mwaka 2004. Tofauti kati ya michezo hii na ile tuliyoizoea ni ya msingi. Bao linapochezwa barazani, mchezaji akiishiwa kete mchezo umekwisha, na mzee apitaye njiani anamwona nani anacheza na nani. Mchezo wa mtandaoni hauna mwisho: mchezaji akienda kulala, ulimwengu wa mchezo unaendelea bila yeye, na wenzake wanamtangulia. Hauna uwanja ambao mzazi anaweza kuupitia. Tena, katika mingi ya michezo hiyo, malipo hayaishi siku ya kununua; yanaendelea kidogo kidogo kila siku. Mzazi aliyezoea kuuliza, "Unacheza wapi, na mtoto wa nani?" alijikuta hana jibu la sehemu yoyote ya swali lake.

Jawabu la kwanza: kumpasha mzazi habari

Marekani ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kulijadili jambo hili hadharani. Desemba 1993, maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliongoza vikao vya Baraza la Seneti kuhusu michezo yenye ukatili, ukiwemo mchezo wa mapigano uitwao Mortal Kombat. Kampuni za michezo zilihofia kutungiwa sheria, kwa hiyo zikaunda chombo chao cha kujidhibiti. Mwaka 1994 ilizaliwa ESRB, bodi inayobandika alama ya umri juu ya kila mchezo. Ulaya ikafuata kwa mfumo wa PEGI mwaka 2003. Falsafa yake ilikuwa nyepesi: mwambie mzazi kilichomo ndani ya mchezo, kisha umwachie uamuzi.

Alama hizo zilisaidia, lakini mtandao ulizitia ufa mapema. Bodi iliweza kukagua kile ambacho waundaji waliweka ndani ya mchezo. Haikuweza kukagua watu ambao mtoto angekutana nao humo. Ndiyo maana ESRB yenyewe ilianza kuweka onyo kwamba mwingiliano wa wachezaji mtandaoni haujakadiriwa. Tulitafakari onyo hilo. Lilikuwa la kweli kabisa, na lilimwambia mzazi kwamba sehemu iliyomtia hofu zaidi ndiyo ambayo hakuna aliyeipima.

Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni, ijulikanayo kwa kifupi kama COPPA. Ilianza kutumika mwaka 2000. Sheria hiyo inaitaka kampuni ipate ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, tovuti nyingi zilitosheka kumuuliza mtoto mwaka wake wa kuzaliwa, naye mtoto akajifunza haraka kwamba mwaka mmoja unafungua mlango na mwingine unaufunga. Umri wa miaka 13 ukawa mstari ambao wengi waliuruka kwa kusema uongo, wakati mwingine mzazi akiwa ameketi kando akiwasaidia.

Jawabu la pili: dola kushika ufunguo

Sasa turejee Korea Kusini, kwa maana huko ndiko jambo hili lilikojaribiwa kwa ujasiri zaidi. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 uliwaacha watu wengi bila ajira. Wakati huo serikali ilikuwa ikiwekeza katika intaneti yenye kasi. Baadhi ya waliopoteza kazi walifungua vyumba vya kompyuta vya kukodisha kwa saa, viitwavyo PC bang. Neno "bang" katika Kikorea humaanisha chumba. Mchezo wa StarCraft, uliotoka mwaka 1998, ulivijaza vyumba hivyo vijana. Mashindano yakaonyeshwa kwenye televisheni, na wachezaji hodari wakawa watu mashuhuri.

Upande wa pili ulikuwa wazazi. Korea Kusini ni nchi ambamo mtihani wa kuingia chuo kikuu hubeba matumaini ya ukoo mzima, na watoto wengi hutoka shuleni kwenda masomo ya ziada hadi usiku. Mchezo ulionekana kama mwizi wa usingizi na wa alama za mtihani. Baadhi ya mashirika ya kiraia yalidai kwamba mtoto ana haki ya kulala, na kwamba dola ina wajibu wa kuilinda haki hiyo. Wapinzani wakajibu kwamba chumba cha kulala cha mtoto ni himaya ya mzazi, wala serikali haina kazi humo.

Mwaka 2010 taifa lilitikiswa na kesi ya mume na mke waliomwacha mtoto wao mchanga akafa kwa njaa ilhali wao walikuwa wakicheza kwenye chumba cha kompyuta. La kuhuzunisha zaidi, mchezo wenyewe ulihusu kumlea binti wa kubuni. Kesi hiyo ilizidisha hofu ya umma juu ya michezo. Lakini tukiitazama leo kwa utulivu, tunaona waliozama ndani ya mchezo walikuwa watu wazima. Sheria iliyofuata iliwalenga watoto.

Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya ulinzi wa vijana mwaka 2011, na Wizara ya Usawa wa Kijinsia na Familia ikapewa jukumu la kuyasimamia. Wananchi waliyabatiza jina la "sheria ya Cinderella", kwa kumkumbuka msichana wa hadithi anayelazimika kuondoka karamuni ifikapo saa sita usiku. Wachezaji na wazazi waliopinga walikwenda Mahakama ya Katiba. Mwaka 2014 mahakama iliamua kwa wingi wa majaji kwamba sheria hiyo haikuvunja katiba, kwa kuwa afya ya watoto ilikuwa sababu ya kutosha na saa zilizozuiwa zilikuwa chache.

Kwa hiyo kisheria dola ilishinda. Katika maisha ya kila siku mambo yalikwenda vingine. Ili kujisajili mchezoni, mchezaji alihitaji nambari ya utambulisho wa taifa. Watoto wengi waliingia kwa nambari za wazazi wao. Wengine walizichukua kwa siri, wengine walipewa. Mwaka 2012, mchezaji mashuhuri wa StarCraft II aliyekuwa na umri wa miaka 15 alikatizwa katikati ya mchuano wa kimataifa kwa sababu saa sita ya usiku ilikuwa imewadia. Michezo ya simu haikuguswa na sheria hiyo, na miaka hiyo hiyo ndiyo watoto waliyohamia kwenye simu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kubwa, lakini ukuta wa nyumba ulikuwa na matundu pande zote.

Pigo la mwisho lilitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Minecraft ni mchezo wa kujenga kwa matofali ya kubuni, unaopendwa na watoto duniani kote, ambao Microsoft iliununua mwaka 2014. Mwaka 2021 wachezaji walipohamishiwa kwenye akaunti za Microsoft, ilibainika kwamba kampuni hiyo haikuwa na mfumo wa kuwatoa watoto wa Korea peke yao wakati wa usiku. Badala ya kuutengeneza, ilihitaji kila mwenye akaunti ya aina hiyo nchini humo awe mtu mzima. Ghafla mchezo wa watoto ukawa mchezo wa watu wazima. Malalamiko yalikuwa makubwa. Agosti 2021 serikali ilitangaza kuifuta sheria hiyo, na kuanzia tarehe 1 Januari 2022 haikuwepo tena. Kilichobaki ni utaratibu mwingine, uliokuwepo tangu mwaka 2012: mzazi, au mtoto mwenyewe, huiomba kampuni iweke saa ambazo mtoto hataweza kucheza.

China ilichagua njia iliyo kinyume. Mwaka 2019 iliweka mpaka wa dakika 90 kwa siku ya kawaida kwa wote walio chini ya miaka 18, na ikazuia kucheza kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi. Septemba 2021 ilikaza zaidi: saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, katika siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kampuni ya Tencent ilianza hata kutambua sura za wachezaji kwa kamera, ili kumnasa mtoto anayecheza kwa jina la mtu mzima. Tazameni basi mahali tulipofika: ili kuziba tundu ambalo Korea ilishindwa kuliziba, ililazimu kuupima uso wa mchezaji ndani ya nyumba yake.

Jawabu la tatu: kuiachia kampuni

Je, kampuni zenyewe zikiachiwa? Mwaka 2017 ulitoka Fortnite, mchezo ambao wachezaji mia moja hushuka kisiwani na kupigana hadi abaki mmoja au kikosi kimoja. Kuucheza ni bure. Fedha hutoka kwenye mavazi na mapambo ya wahusika. Baada ya muda mfupi mamilioni ya watoto walikuwa humo.

Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, mmiliki wa mchezo huo, ingelipa dola milioni 520 kumaliza madai dhidi yake. Milioni 275 zilikuwa faini ya kukiuka sheria ya faragha ya watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja fedha zao. Tume ilidai kwamba mazungumzo ya sauti na ya maandishi yalikuwa yamefunguliwa tangu mtoto alipoingia mchezoni kwa mara ya kwanza, hivyo watoto wakakutanishwa na watu wazima wasiowajua. Ilidai pia kwamba vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya wachezaji wanunue bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kutumia fedha bila idhini ya wazazi.

Hapa pana somo ambalo mjadala wa saa za usiku uliufunika. Mzazi aliyemruhusu mwanawe kucheza Fortnite alidhani ameamua jambo moja, yaani mchezo. Kumbe mambo mengine mawili, nani ataongea na mtoto na fedha zitatokaje, yalikuwa yameamuliwa na kampuni kabla mzazi hajaulizwa.

Na hapa kwetu?

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, na nyaya zikaendelea bara hadi Uganda na Rwanda. Intaneti ikashuka bei, kisha simu za kisasa zikaingia mifukoni. Kwetu mtoto anayecheza mtandaoni mara nyingi hachezi kwenye kompyuta yake mwenyewe. Anacheza kwenye simu ya mama au ya baba. Akaunti iliyomo ina umri wa mzazi, na laini hiyo hiyo ndiyo yenye fedha za matumizi ya nyumba. Bila kujua, tunairudia ile hali ya Korea: mtoto anapita mlangoni kwa jina la mzazi wake, na kampuni inaamini inamhudumia mtu mzima.

Sheria zetu hazijanyamaza. Sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda, zote za mwaka 2019, zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Rwanda, katika sheria yake ya mwaka 2021, imetaja umri wa miaka 16. Juu ya hizo upo Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao katika kifungu cha 12 unatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na katika kifungu cha 20 unampa mzazi jukumu la msingi la malezi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989. Kwa sadfa, ile sheria ya Korea ilianza siku kama hiyo, miaka 22 baadaye.

Tusisahau kwamba kucheza ni haki, si kosa linalovumiliwa. Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, lilianzisha pamoja na wenye Minecraft mradi uitwao Block by Block. Ndani yake wakazi, vijana wakiwemo, hutumia mchezo huo kubuni viwanja na bustani za umma wanazozitaka, na Kibera ni miongoni mwa mahali ulipoanzia. Mchezo ule ule ambao Korea ilijikuta imewanyima watoto ndio uliowapa vijana wa Nairobi sauti katika mipango ya mtaa wao. Anayesema "michezo ya mtandaoni ni mibaya" na anayesema "haina neno" wote wawili hawajauliza swali la pili: mchezo upi, na nani, na kwa fedha za nani?

Historia inatufunza nini?

Kwanza, sheria ni hodari katika kumbana muuzaji na dhaifu katika kuchukua nafasi ya mzazi. Faini ya mwaka 2022 iligusa jambo ambalo mzazi mmoja asingeliweza: kuilazimisha kampuni kubwa ibadilishe namna mchezo unavyofunguliwa. Kafyu ya Korea iligusa jambo ambalo dola haikuliweza: kujua nani hasa ameketi mbele ya kioo saa saba ya usiku.

Pili, mzazi asiyekuwa na maarifa hana mamlaka, hata sheria ikimpa. Ridhaa inayotolewa kwa kubonyeza kitufe bila kusoma si uamuzi. Mzazi hahitaji kuwa fundi wa kompyuta. Anahitaji kuketi na mwanawe angalau mara moja, amwombe amfundishe mchezo, aone ni nani wanaozungumza humo, azime mazungumzo na wageni na kufunga njia ya malipo kwa neno la siri lililo lake. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulimsubiri mtoto nje ya mlango. Leo umo ndani ya simu.

Tatu, mtoto mwenyewe ni mhusika. Mkataba wa Afrika unataka maoni yake yasikilizwe, na utaratibu uliobaki Korea unamruhusu yeye pia kujiwekea saa. Kanuni ambayo mtoto ameshiriki kuitunga hahitaji kuiba nambari ya baba ili aivunje.

Mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa dola peke yake ulifunga mlango na kuyaacha matundu. Mkono wa kampuni peke yake uliufungua mlango na kuingia mfukoni. Mkono wa mzazi peke yake hauufikii mtambo ulioko ng'ambo ya bahari. Nchi zetu bado zinaandika kanuni zake, na zinaweza kuanza mahali wengine walipomalizia: sheria imbane muuzaji, na mzazi abaki mezani pamoja na mwanawe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini watoto wengi wa Korea Kusini waliweza kuikwepa sheria ya mwaka 2011? Je, wazazi walikuwa na lawama?
2. Eleza tofauti kati ya kumzuia mtoto kucheza na kuidhibiti kampuni inayouza mchezo. Ungependa bunge la nchi yako lianze na lipi?
3. Tunga kanuni tatu za michezo ya mtandaoni ambazo mzazi na mtoto wa miaka 12 wanaweza kukubaliana. Tumia hali ya masharti: -nge-, -ngali- au -ki-.